Uzito Niliokurudishia

Mama,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani. Mdogo wangu Riziki amekwenda ziwani kuchota maji, na velo, ile baiskeli ya Baba, imeegemea ukuta pale pale ulipozoea kuiegemeza. Kesho asubuhi tunapanda tena Minembwe. Nimechoka kabla ya kuanza. Nimeona nikuandikie sasa hivi, kwa sababu nikishaingia njiani sina pumzi ya kuwaza kitu kingine zaidi ya mguu wa kulia na mguu wa kushoto.

Huu ni mwezi wa nne tangu tulipokuzika hapa Baraka. Habari za nyumbani si nyingi. Jiko lilivuja, nikapanda mwenyewe kuezeka majani mapya, na ukweli ni kwamba bado linavuja. Kila Jumamosi tuko kwenye salongo, kazi ya lazima ya mtaa, tunafyeka kando ya barabara. Hata Jumamosi ile ya wiki ya kilio tuliitwa, na chifu wa mtaa akasema marehemu mwenyewe angekuwa mzima asingekosa. Nilichukua panga nikaenda.

Siku tuliyomaliza kilio alikuja baba mdogo Asukulu. Unamjua mdogo wa Baba: jua la saa sita, yeye koti la abakosi limefungwa mpaka shingoni. Alikuja kuchukua velo ya kaka yake, maana alisema mali ya mwanamume hairithiwi na watoto wa kike. Nikamwambia iko nyuma ya nyumba. Akaizunguka mara ya kwanza, akaizunguka mara ya pili. Hakuna kengele, hakuna taa, hakuna mnyororo, hakuna pedali, hakuna kiti. Akaniuliza kwa sauti ya ofisini, "Na velo yenyewe iko wapi?" Riziki akakimbilia jikoni kucheka. Baba mdogo akafuta jasho, akasema, "Basi mubakie na hii chuma yenu," akashika njia. Jioni ile nilitamani sana kukusimulia.

Ungecheka, kisha ungeshika kifua. Ndicho nilichotaka kukuandikia, Mama, hicho kifua. Nazunguka tu kama baba mdogo.

Baba alipokufa alituachia velo ile ya chuma tupu, nzito kama mlango wa kanisa. Hukujua kuipanda, na hata ungejua, hakuna anayeupanda mlima ule akiwa ameketi. Tukaifanya punda wetu. Tulipakia ndagala, wale samaki wadogo wakavu, na chumvi, tukaisukuma kutoka Baraka hadi Lubondja, tukalala kwa rafiki yako mama Sifa, kisha siku mbili za kupanda hadi Minembwe kwa watu wa ng'ombe, ambao maziwa wanayo lakini samaki hawana. Tulirudi na maharage na siagi. Wewe ulishika usukani na ile fimbo uliyoifunga juu yake, mimi nilisukuma kutoka nyuma. Utoto ni utoto, nilidhani mwenye kazi ni anayesukuma.

Ukaanza kuipunguza. Kwanza kengele na taa. Msimu uliofuata, mabati yanayokinga tope juu ya magurudumu. Fundi wa velo pale sokoni alikuonea huruma, akadhani umechanganyikiwa na ujane. Hela ya kumlipa hukuwa nayo, ukamwachia mabati yenyewe, naye akakupa tairi lenye viraka. Baadaye ukampelekea mnyororo na pedali. Alikataa kwanza. Nakumbuka ulivyomwambia, "Mi sipandaka juu yake. Pedali ya kazi gani?" Ile chuma ya nyuma ya kubebea mizigo ukaing'oa, tukafunga mianzi kwa vipande vya mpira. Mwisho ukatoa kiti. Wanaume walitucheka kila tulipopita. Pale kizuizini askari walizoea kuzishika velo za watu, lakini yetu waliitazama tu wakatuambia tupite na takataka yetu. Mimi nilitembea nimeinua kichwa, najiona nina mama mwenye akili kuliko soko zima.

Na mimi nilitaka kuwa na akili. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, hesabu nilizijua. Kila kipande ulichotoa, kabla hakijafika kwa fundi, nilikipeleka kwenye mizani ya bamama wauza samaki. Nikaandika uzito kwenye kiganja kwa kalamu. Kisha nikapima ndagala za uzito ule ule, nikaziongeza kwenye gunia. Mabati yakaenda, ndagala zikaja. Mnyororo na pedali zikaenda, ndagala zikaja. Chuma cha nyuma kilipotoka nilifurahi zaidi, kwa maana kilikuwa kizito. Nilikuonyesha kiganja changu ili unisifu. Ulitazama gunia, ukakaza kamba, ukasema, "Aya, twende."

Miaka yote ile velo haikupungua hata kidogo, Mama. Niliirudishia kila ulichokitoa.

Safari ya mwisho ulikuwa umevimba miguu. Niliiona, nikasema ni joto. Asubuhi pale Lubondja uliniambia tuache gunia moja kwa mama Sifa, "tutalirudilia." Nami nikacheka. Nilikujibu, "Mama, hata kiti tumetoa. Iko nyepesi sasa." Nilisema hivyo mbele ya mama Sifa, kwa mdomo huu. Ulishika usukani, tukapanda. Tuliporudi Baraka ulilala siku nane, na siku ya tisa hukuamka.

Riziki alipofunga shule kwa likizo kubwa, nilimchukua tukapanda pamoja, maana karo yake inatoka kwenye magunia haya haya. Tulilala kwa mama Sifa. Alitupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akangoja Riziki alale, ndipo akaniambia. Hakunigombeza, angenigombeza ningejitetea. Alisema, "Mama yako hakukuwa anatafuta faida. Alikuwa anatoa chuma sababu kifua ilikuwa inamubana. Alisema mukijua mutaacha safari, na Riziki atatoka ku masomo." Alijua yote, kila kipande na maumivu yake. Kengele na taa zilitoka mwaka ulipoanza kupumzika kwenye kijito. Mabati yalitoka ulipoanza kuamka usiku kutafuta hewa. Mnyororo na pedali vilitoka ulipozirai shambani, ukatuambia umeteleza. Kiti ulikitoa kwa sababu hakikubaki kingine.

Sikulala usiku ule na sijalala vizuri tangu hapo. Nakasirika, Mama. Nakasirika na wewe pia, acha niseme. Kwa nini ulinyamaza? Neno moja tu lingetosha. Ulinitazama nikiongeza samaki kwa kiganja changu chenye wino, ukaniacha nijisifu. Kisha nakumbuka kwamba neno ulilisema, pale Lubondja, na jibu nililokupa nalikumbuka, ndipo hasira inarudi mahali pake, kwangu mimi.

Sasa usukani nashika mimi. Nimejua kwamba anayesukuma nyuma anaweza kulegea kidogo na hakuna atakayemwona, lakini mwenye usukani akilegea, mzigo wote unamwangukia. Ile fimbo imenichubua chini ya ubavu wa kulia. Nadhani na wewe ulikuwa na alama hapo. Tulipokuosha bamama walinitoa nje, sikuiona.

Wiki iliyopita, kwenye kona za juu ya Lubondja, Riziki akiwa nyuma aliniita mimi dada yake. "Yaya, tutoe nini tena ku velo?" Nikamjibu haraka kama mwalimu: hakuna kilichobaki isipokuwa breki, na breki tunazihitaji wakati wa kushuka. Tukaenda hatua kama kumi. Nikasimama, nikaweka jiwe chini ya gurudumu, nikarudi nyuma kumtazama. Alikuwa amefunga viganja kwa majani ya mgomba, na damu imepita kwenye majani. Hakulia. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yenu ya ukoo wa kutosema. Nikaketi chini nikalia mimi, na yeye akanibembeleza, akidhani nimeumia mguu.

Kwa hiyo jana, tulipotoka salongo, sikwenda kwenye mizani. Nilimwambia Riziki ashike usukani mwenyewe, hapo hapo uani, nami nipakie polepole, na akiona panatosha aseme. Niliweka chumvi. Nikaweka gunia la kwanza la ndagala. Nilikuwa nimekwisha kuliinua la pili, liko kifuani kwangu, aliposema, "Yaya, inatosha."

Mama, sitakudanganya. Sikuliweka chini mara moja. Nilisimama nalo pale nikihesabu karo, nikihesabu madaftari, nikitaka kumwambia kwamba velo hii haina hata kiti. Maneno yalifika kwenye ulimi. Lile gunia si jepesi. Kisha nikaliweka chini, nikamuuliza kama hata hilo moja ni zito. Akafikiri, akasema ni zito lakini analiweza.

Gunia la pili limebaki ndani, karibu na kitanda chako. Tutapata kidogo safari hii, na shule ikifunguliwa huenda nikaenda kumwomba mkurugenzi wa shule atupe muda wa kulipa. Nitaomba. Mdomo ninao.

Namwona Riziki anarudi na ndoo, acha nimalize. Pumzika, Mama. Safari yako ulikwisha kuimaliza, usituhangaikie tena mlimani. Ninakuahidi kwamba kila safari, kabla ya kufunga kamba, nitamuuliza kama ni zito, na jibu lake ndilo nitakalolifuata. Ni swali fupi sana. Nimelitamka jana kwa mara ya kwanza, na sikuwa nimelitamka kwako.

Binti yako,
Bitisho