Kitabu cha Mchora Vibao

5 Mei

Dada yangu,

Hujambo huko? Mguu ulioteguka ulipoanguka na ngazi unaendeleaje? Sisi wazima, ila roho yangu haijatulia. Tangu tuhamie huku, Kibibi hajasema neno darasani. Nyumbani lugha ya wenyeji wa huku anaimwaga kama maji. Akivuka lango la shule, kimya. Mwalimu anasema asipofungua mdomo kufikia mwisho wa muhula, atarudishwa darasa la chini. Kampa vitabu vya picha vya watoto wahamiaji. Binti yangu kavirudisha: "Mama, kila mtoto humu analia, halafu anapewa rafiki. Mimi silii." Wewe ndiye mchora vibao vya maduka. Mchoree kitabu chake, tafadhali.

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mguu umepona, ulimi ndio haujapona. Kitabu kiko njiani. Kibibi nimempaka rangi kali kama kibao cha saluni, nywele zimesimama, shule nzima inamfika magotini. Halii hata ukurasa mmoja!

Dada yako

19 Juni

Mdogo wangu,

U mzima? Kaa chini kwanza. Leo niko juu ya ngazi naandika NYAMA SAFI kwenye bucha, simu ikaita. Kumbe kwa mazoea ya vibao niliweka namba yangu ya simu kila ukurasa! Watoto walitaka kujua ni ya nani, Kibibi hakujibu, mwalimu akapiga. Nasikia kelele tu, lugha yenyewe siambulii kitu. Nikasema, "Haloo! Mnataka kibao?" Halafu sauti ndogo: "Mama mkubwa, ni mimi. Wanauliza kwa nini nina kichwa kikubwa hivi." Nikamwambia, "Waambie kichwa kidogo hakionekani kutoka barabarani!" Akawaambia kwa lugha yao. Wee! Kicheko hicho! Wakauliza tena, akanitafsiria, nikajibu, akawatafsiria, mpaka mwenye bucha akanifokea. Nimelia huku nimeshika brashi. Mtoto wako kaongea, tena mbele ya darasa zima!

Dada yako

2 Julai

Dada,

Habari za kazi? Huku tuko salama salimini. Jana mwalimu kaniita shuleni, nikaenda mbio. Kibibi anapanda darasa na wenzake. Ila mwalimu ana malalamiko: mtoto anapiga domo somo zima, hana breki, na jirani zake hawasomi.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

Mdogo wako