Kombi Iliyokuwa kwa Jina Langu

Shangazi Vumilia,

Wiki iliyopita niliandikiwa na ofisi ile iliyotulipa ili kombi yenu ipondwe iwe chuma chakavu. Wanataka nieleze, kwa maneno yasiyozidi mia moja, jinsi mpango wao ulivyobadilisha maisha yangu. Wameambatisha kijitabu cha mwaka jana kiwe mfano. Kwenye jalada kuna mume, mke na mbwa, wamesimama kando ya gari la umeme mbele ya nyumba yenye maua dirishani. Mbwa ndiye pekee ambaye sura yake naiamini. Nilikisoma chote nikiwa nimesimama jikoni, koti bado mwilini.

Wamenichagua kwa sababu kombi ilikuwa kwa jina langu. Unakumbuka kwa nini. Ulipoinunua, karatasi zako za ukimbizi zilikuwa hazijatoka, na uliogopa jina lako lionekane mahali popote ambapo serikali inasoma. Ukaandika la mtoto wa kaka yako, mwenye pasipoti. Kwa hiyo serikali ilijua gari moja kuukuu la dizeli na mwenye gari mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu. Wale wanawake watano waliokuwa ndani yake haikuwajua.

Mimi nilikuwa nawaona. Alfajiri, kutoka dirisha la nyumba yetu mtaani Woolwich: Mama Riziki kwenye usukani, wewe kando yake na chupa ya chai, wenzenu watatu nyuma, mashine ya kufyonza vumbi imelazwa magotini mwao kama mtoto mgonjwa. Mlifika kusafisha ofisi za watu saa ambayo mabasi bado ni ya kubahatisha. "Hii gari inakohoa kupita baba mukwe wangu," alisema Mama Riziki, "lakini baba mukwe hajanifikisha kazini hata siku moja." Ulicheka mpaka chai ikamwagika.

Halafu ikaja tozo ya kila siku kwa magari yenye moshi mchafu, na hundi kwa atakayekubali lake lipondwe. Mimi nilikuwa nimetoka kuandika insha ndefu kuhusu mipango ya aina hiyo. Nilieleza jinsi hundi inavyochangamsha soko, viwanda vinavyopata wateja, hewa inavyosafika, maskini anavyopata gari bora. Mwalimu alinipa alama za juu. Naidharau insha ile kuliko kijitabu hiki. Waliokiandika kijitabu walilipwa. Mimi niliamini bure.

Soko lilichangamka kweli. Tulipokwenda mtaa wa Queensbury kutafuta gari jingine, yule mzee Mhindi muuza magari, aliyezaliwa Kisumu, alituuliza kwa Kiswahili kama tuna hundi. Tukasema ndiyo. Akashusha pumzi. "Mama, hundi yenu naijua kuliko nyinyi," alikwambia. "Kila mtu anakuja nayo, na wote wanataka kombi ya aina moja. Bei imepanda, mimi nifanye nini?" Simlaumu. Ndiye pekee aliyenifundisha uchumi bila kujisifu. Pesa ya serikali ilipita mikononi mwenu ikaishia kwenye bei. Mwenzangu mmoja wa kazini kwangu siku hizi, ambaye kwao ni Stanmore, mtaa wa wenye nazo, alinisimulia kwamba baba yake naye alichukua hundi. "Lile gari alikuwa analibadilisha tu, hata bila hundi," alisema, huku anatafuna tufaha. Mtu amelipwa kufanya alichokuwa anafanya, na kwenye kijitabu amehesabiwa kuwa ushindi.

Ninyi mlipata kigari cha viti vinne. Watu watano, na mashine. Mlijaribu zamu, mkajaribu kubadilisha mabasi mawili, mkachelewa, na kampuni ikawapa kazi yenu watu wengine wenye gari. Mama Riziki sasa anatunza wazee majumbani mwao. Wale watatu wanangoja simu ya kuitwa kibarua. Wewe uliendelea kupanda mabasi na presha yako, kutafuta ofisi nyingine za kusafisha, hadi Februari ile ulipolazwa. Sisemi basi ndilo lililokuua. Daktari alisema ni moyo, na moyo wako ulikuwa unakusumbua tangu Uvira, kabla hujakimbia. Wala sisemi moshi wa kombi ulikuwa marashi. Mimi mwenyewe nilikulia mtaani kwetu nikiwa na pumu. Huenda leo kuna mtoto pale anayelala bila kukohoa, na nafurahi kwa ajili yake. Ila waliopiga hesabu walitazama bomba la moshi, hawakufungua mlango wakaangalia viti.

Nimeandika haya yote kwa sababu najua kuyaandika. Lililonikalisha kukuandikia ni jingine.

Uliniambia, "Tungojee kidogo, mwanangu. Gari ingali inatembea." Nikakujibu kwamba mpango unafungwa na njia nyingine hakuna. Shangazi, njia ilikuwepo. Ukurasa wa saba wa fomu ulisema wenye kazi ndogo ndogo wanaweza kuomba muda zaidi bila kulipa tozo. Niliusoma. Niliusoma mara mbili. Ulihitaji barua ya kampuni na majina yenu matano. Nilikuwa na mtihani, lakini mtihani ni kisingizio. Niliona aibu. Mimi msomi, niwaombee watu wangu kubaki na mkweche ambao insha yangu ilikuwa imekwisha kuuhukumu? Nikageuza ukurasa.

"Weye ndio umesoma," ulisema. "Kama unasema ni muzuri, tufanye vile." Ukanipa funguo.

Tangu tukuzike, Mama Riziki hunishika mkono kila Jumapili na kusema, "Hawa watu wa serikali hawatujui." Nami naitikia kwa kichwa. Mimi niliyewajua. Dharau yangu kwa kijitabu, kwa mwalimu, kwa yule wa tufaha, yote ni ya haki, na yote imenisaidia nisitazame ukurasa mmoja.

Ofisi nimewajibu. Niliandika majina yenu matano na yaliyompata kila mmoja. Kijana wao alijibu baada ya saa moja: barua wameipenda sana, ila wangependa kutumia sentensi ya kwanza peke yake, ile inayosema hundi ilifika haraka. Nimemwambia achukue yote au aache yote. Ataacha.

Jumapili hii, ibada ikiisha, wanawake wako watabaki ukumbini kunywa chai kama kawaida. Nitakaa nao niwaambie nilichokifanya, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza nina maneno mengi mno ya kujikingia. Sitamtaja mtu mwingine yeyote mpaka nimalize. Mama Riziki huenda akauondoa mkono wake.

Pumzika, Shangazi. Nakuahidi kwamba Jumapili itakayofuata nitarudi palepale, hata kama hakuna atakayenipa kikombe.

Mtoto wa kaka yako,
Nyota