Anavyoomba Kushikwa

Saint Paul, Novemba 2014

Dada Goretti,

Pole na vumbi la kambi. Sisi huku theluji imeanza, watoto hawajambo, na gari limekataa kuwaka tena.

Lakini wifi yako Héritière ananitia wasiwasi. Anaenda mtaa wa Frogtown kujifunza jujutsu, mieleka ya Wajapani. Mama wa kwaya, anarudi na michubuko shingoni! Nikajua tu kuna mwanaume.

Jumamosi nikamfuata, nikajibanza nyuma ya makoti. Wanaume wamo, ila hakuna hata mmoja aliyemchekea. Wanainamiana kwa heshima, wanakabana, na anayeumia akipiga mkeka mara mbili, mwenzake anamwachia papo hapo. Ndiyo sheria yao.

Kisha nikamsikia Héritière akimsahihisha aliyemshika: "Si hivyo. Shika kola kwa nyuma, inyonge, halafu nivute hadi mlangoni." Alimrudisha mwanzo mpaka akapatia.

Jana chakula kilichelewa. Nikamshika kola, jambo la kawaida la nyumbani. Sijui alifanyaje, nikajikuta nimepiga magoti, mkono umekunjwa mgongoni, nagonga kabati mara mbili. Akaniachia papo hapo, akarudi kukoroga sufuria yake.

Sasa dada, aliyewahi kuniona nikimvuta vile ni wewe peke yako, huko kambini Nyarugusu. Siku ile ulinyamaza, nikadhani uko upande wangu. Kumbe mnaongea, na wewe ndiye uliyemtuma akajifunze?

Nduguyo, ambaye bega bado linamuuma,
Janvier