Vijiti Sita vya Nussdorf

Jumatatu, 9 Februari

Vienna. Nimefika. Baridi mpaka kwenye meno. Kefa, mwenzangu wa ofisini, kanivuta moja kwa moja kwenda kuona kanisa kuu la katikati ya mji. Paa lake ni vigae vya rangi, vimepangwa kama mkeka. Nimepiga picha moja. Kefa thelathini, na zote yeye yumo.

Sikulitazama vizuri. Nawaza maneno ya baba: nisimletee chokoleti, nimletee vijiti vya mizabibu ya huko akapande. Mzee hajawahi kuniomba kitu. Shamba lake la Makutupora, Dodoma, limechoka, mizabibu ni ya enzi za marehemu mama, na mwenyewe hataki kuing'oa hata ukimwambia nini. Na mimi ni nani? Mkaguzi wa afya ya mimea! Miaka tisa nawanyang'anya watu miche iliyofichwa kwenye mabegi. Nikamjibu "nitaona, baba." Kwa nini sikusema hapana?

Jumatano, 11 Februari

Semina siku nzima. Mwalimu ametuonyesha mizabibu iliyogeuka njano, shamba zima. Anasema kijiti kinaweza kuonekana kizima kumbe ugonjwa umo ndani. Nimeandika kila neno. Kefa ananiuliza mbona nakunja uso, kwani kuna mtihani.

Baadaye soko la Naschmarkt. Zeituni, jibini, viungo. Muuzaji alinionjesha mara tatu, nikanunua kwa aibu. Halafu mkahawa – kahawa inakuja na glasi ya maji, na watu wanakaa saa mbili na gazeti bila kufukuzwa. Mimi nilimaliza kwa dakika sita. Siwezi kutulia.

Jumamosi, 14 Februari

Hakuna semina. Kefa amekwenda kwenye kasri la wafalme. Mimi tramu D mpaka mwisho, Nussdorf. Na nisijidanganye – nilipanda nikijua inakwenda wapi.

Ni mji mkuu, lakini ukitembea kidogo unaingia kwenye mizabibu. Haina jani hata moja msimu huu. Safu zinapanda kilima, na chini unaona mto Danube na jiji lote. Nikatamani kulia, sijui kwa nini.

Mzee mmoja alikuwa anapogolea peke yake. Miaka themanini hivi. Nikapiga goti kidogo bila kufikiri, akashangaa. Sasa sisi hatumkuti mzee anafanya kazi halafu tukasimama kutazama. Nikainama, nikaanza kumwokotea matawi na kuyafunga mafungu. Saa nzima. Kiingereza chake kidogo, tuliongea kwa mikono. Nikamwambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akacheka, hakuamini. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya baba amesimama shambani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akachagua vijiti sita, akavifunga kwa uzi, akanipa kwa mikono miwili. Vya baba yako, akasema.

Ningemrudishia vipi mzee wa watu? Nikapokea. Njia yote kwenye tramu nimevificha ndani ya koti, kila anayepanda namwona askari.

Jumapili, 15 Februari

Vijiti viko ndani ya soksi ya sufu, nimevizungushia gazeti bichi. Nimeamka mara mbili kuvitazama. Kefa hajui. Akijua, ofisi nzima itajua.

Tumekwenda makumbusho ya michoro. Vyumba na vyumba, dhahabu mpaka darini. Nikasimama mbele ya zabibu zilizochorwa karne zilizopita, jani moja lina doa. Nikaanza kulikagua! Kefa kasema napenda sana sanaa.

Tulipotoka, nikakuta ujumbe wa sauti wa baba kwenye simu. Anacheka, sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Jana usiku nilimwandikia kwamba nimepata vijiti sita; ameshachimba mashimo sita. Na ameshawaambia majirani: vikishika, msimu wa kupogolea Petro anapewa vyake, Hilda vyake, na wengine mpaka mwisho wa njia. Ndivyo tulivyo. Hakuna anayechoma matawi kabla jirani hajapita kuchagua. Hivyo ndivyo hata mama alivyopanda shamba lile.

Kwa hiyo si mizabibu ya baba tu. Kijiti kimoja kibovu, miaka mitatu, Makutupora yote njano. Na nitaitwa mimi niende kuandika ripoti.

Jumanne, 17 Februari

Mchana, kando ya mfereji wa Danube. Kulikuwa na pipa la taka. Nikavitoa. Vina macho ya kuchipua, macho mazuri, yamenenepa. Nimevirudisha kwenye soksi. Mjinga mimi. Ndege saa moja usiku.

Jumatano, 18 Februari

Dar. Naandika nimekaa kwenye benchi la uwanja wa ndege. Kefa kashapita. Kwenye meza ya ukaguzi yupo Optatus, niliyemfundisha mwenyewe alipoanza kazi Dodoma. Ana majivu kwenye paji la uso, katoka misa. Kaniamkia: shikamoo dada, kaa hapo, nikimaliza na huyu mama nakupitisha mwenyewe, begi lako nalifungua kwa ajili gani.

Huyo mama ana mche wa mwembe kwenye kopo. Kausafirisha mbali, wa kwao. Analia. Optatus anamweleza taratibu, bila ukali, kwamba mche unaweza kuonekana mzima kumbe umebeba ugonjwa, na utakaoumia ni mti wa jirani. Maneno yangu yale yale. Hata mpangilio ni wangu.

Mama ameuacha. Hajageuka.

Simu inaita. Baba. Atakuwa anauliza treni ya saa ngapi, waje stesheni na Petro. Sijapokea.

Optatus anakuja, ananyoosha mkono alichukue begi. Nimefungua zipu nusu, nimtolee ile soksi. Kumbe anadhani natafuta pasipoti. Anacheka. Pasipoti ya nini, dada, mimi si nakujua?