Chura wa Kwenye Runinga

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi huku wazima, na mwanao ameshaota tena meno yale mawili ya mbele yaliyong'oka. Bado hakosi kile kipindi cha watoto, cha yule chura wa kitambaa anayewafundisha kutunza mito. Umeme ulipokatika wiki nzima, aliendelea kukaa mbele ya runinga iliyozimika, akiitikia kwa kichwa.

"Chura anasema mto wa hapa haukufa," aliniambia. "Ulifukiwa tu. Tusilale chumbani."

Nilicheka. Lakini ukuta ulikuwa umelowa, nikamwita fundi. Alibandua kigae kimoja cha sakafu, akatega sikio.

"Mama, chini humu maji yanatembea. Tokeni."

Tulihamia kwa jirani. Kesho yake sakafu ya chumba ilididimia, kitanda cha mwanao kikaenda nayo. Usilie, mdogo wangu. Yeye ninaye hapa, anakula vizuri.

Ila jana nilimkuta mbele ya runinga ya jirani, nayo imezimwa. Nikamuuliza chura anasemaje.

"Anauliza mama yangu anaishi wapi."

Nijibu upesi: hapo ulipopanga, zamani palikuwa na nini?

Ni mimi, dada yako.