Uzio Ulioziba Njia ya Vinyungu

Kamwene, Tumaini mjukuu wangu. Huku Igowole tu wazima, babu yako goti tu linamsumbua.

Unasema jirani yako huko Mbeya alikubali barazani kufungua njia, na sasa hafungui. Unauliza kama uung'oe uzio.

Nikukirie jambo. Nikiwa binti wa shule, Mzee Mgimba alituzibia njia ya vinyungu, bustani zetu za bondeni. Baraza la wazee likatupatanisha, nikaandika mapatano mimi. Baba, Mgimba na wazee wakanywa ulanzi, pombe ya mianzi, pamoja, nami nikaona haya kumwambia mzee mzima aweke dole gumba kwenye karatasi.

Wiki mbili, uzio uko palepale. Baba akashika panga aukate. Mgimba akacheka: "Karatasi gani? Hiyo si insha ya binti yako?"

Nilimvuta baba mkono, tukarudi barazani. Nikasema huku natetemeka: "Babu Mgimba, uliokunywa nao ndio hawa."  Mzee mmoja wa baraza akamsogezea wino, naye Mgimba akaweka dole.

Karatasi, sasa ina dole lake, ikaenda mahakamani ili alazimishwe kufungua. Kabla ya siku ya kuitwa, Mgimba aling'oa miti ya uzio mwenyewe.

Karatasi yako ya baraza ina sahihi ya jirani yako tayari. Liache panga, ipeleke mahakamani. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

Bibi yako.