Spika Uliyomletea Mama

Kibomet,
Kitale.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Wanyonyi,

Pokea salamu zetu zote. Joto la Doha linakutendea vipi, na ule mgongo umepata nafuu? Sisi tu wazima. Mahindi yamefika magotini na mvua haijatunyima.

Barua hii anakuletea Sabiha, jirani yetu anayerudi kazini huko. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, unaniuliza kama spika inafanya kazi. Basi leo nitakujibu.

Spika yako imenichosha, Wanyonyi. Ulipokuja Desemba ulisema Mama asihangaike tena na vifundo vya redio, aseme tu anachotaka na kitu kitamtii. Redio yake ukampa Wekoye mlinzi siku hiyohiyo, bila kumwuliza mtu.

Sasa wewe unamjua Mama. Hawezi kumwagiza yeyote kabla ya kumsalimu. Anaita spika, anaijulia hali, halafu ananyamaza kungoja ijibu. Inazima. Ilinichukua wiki tatu kumfundisha aamrishe moja kwa moja, na mpaka leo anaona aibu kufanya hivyo mbele ya wageni.

Alivumilia kwa sababu ya matangazo ya vifo ya saa moja jioni. Hayo unajua hakosi. Lakini kila mara mtangazaji akishaanza kusoma, kimya. Tunaita tena, inashika kidogo, kimya. Nikalaumu mtandao, kwa kuwa ndio unaoiletea redio, nikanunua bando kubwa zaidi. Nikamgombeza hata Derrick, mume wangu, ati anamaliza waifai kwa mpira.

Jumanne Derrick aliipeleka kwa Kipketer, fundi wa simu hapa Kibomet. Akatuambia imesajiliwa kwa jina lako, na akaunti yako, inayoleta nyimbo na redio, haichezi mahali pawili kwa wakati mmoja. Nikakumbuka ulivyojisifu kwangu kwamba ukitoka kazini saa moja unawasha nyimbo zako kabla hata ya kuvua viatu. Kaka, ulikuwa unamzimia Mama redio kila jioni.

Na wakati huo tayari tulikuwa tumechelewa. Roselyne wa Kanduyi, rafiki ya Mama tangu usichana wao kule Ndalu, alifariki mwezi uliopita. Mama alipata habari sokoni, siku nne baada ya mazishi. Tulipofika Kanduyi, maua ya kaburini yalikuwa yamekauka na viti vya kukodi vimesharudishwa.

Emmy, binti mkubwa wa marehemu, alitupokea vizuri lakini hakuficha uchungu. Alimwambia Mama, "Tulikutangazia siku tatu. Tukaweka kiti chako karibu na jeneza, na hatukuruhusu mtu akikalie."

Nilipouliza mbona hawakupiga simu, akasema walijua redio inatosha, kwa kuwa Mama hajawahi kukosa matangazo. Tena walimtaja: habari zimfikie Mama Wanyonyi wa Kibomet, Kitale. Walimwita kwa jina lako.

Nina hasira na wewe, sitaficha. Sijui ni mara ngapi umetuletea vitu vizuri bila kuuliza tunaishije. Redio nyingine ya betri nimeshanunua, kwa hiyo usitume chochote. Nyamazisha hizo nyimbo, umpigie Mama, umwache aongee juu ya Roselyne mpaka achoke mwenyewe.

Msalimie sana binamu yetu Absalom mkionana. Derrick na watoto wanakusalimu. Mungu akuepushe na ajali kazini na akulinde kote utembeako.

Salamu za Mama sikuletei. Hajui kama nimeandika. Alinikataza nisikwambie, alisema utaumia huko na huna mtu wa kukushika mkono.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Nasambu